Watoto Wetu na Habari za Mwezi

Mtoto akiuliza, "Mama, mbona mwezi leo mwembamba?", majibu ayapatayo katika nyumba zetu nyingi ni mawili. La kwanza ni kuambiwa anyamaze, hayo ni mambo ya Mungu. La pili, nalo limezidi siku hizi, ni kupewa simu akatazame mwenyewe. Jibu la kwanza lamfundisha kuwa dini na maswali havikai nyumba moja. Jibu la pili lamweka mbele ya watu elfu asiowajua, wa kweli na waongo, hali hana mizani ya kuwapimia. Sisi twaona kuwa majibu yote mawili ni kumtupa mtoto.

Wale wasemao "nyamaza" twawakumbusha jambo moja. Swali hilohilo aliulizwa Mtume wetu (S.A.W.). Watu walimjia wakamwuliza habari za miezi miandamo, wala hawakukemewa; jibu liliteremka kutoka mbinguni, nalo limo katika Suratul Baqara, aya ya 189, ya kwamba miezi hiyo ni vipimo vya nyakati za watu na za Hija. Ikiwa swali la wazee wale lilistahili aya, swali la mtoto wa miaka 7 halikosi kustahili robo saa ya baba yake.

Ama wale wenye kutoa simu, hatusemi kuwa wamekosea kuitoa. Katika intaneti mna hazina ya elimu ya maumbile ambayo babu zetu hawakuipata hata kwa safari ya miezi. Neno letu ni juu ya mpango wake. Simu isitangulie, itangulie mbingu.

Mchukue mtoto nje baada ya sala ya Magharibi, jioni ya pili au ya tatu tangu mwezi kuandama. Mpe daftari na kalamu ya risasi, auchore mwezi kama auonavyo, na mti au paa la nyumba lililo karibu nao. Kesho saa ileile na arudi papo hapo achore tena. Ataona kuwa mwezi umenenepa, na tena umepanda juu zaidi, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Siku ya 7 ataukuta nusu, nao uko juu ya utosi wakati wa Magharibi. Siku ya 14 au ya 15 utachomoza mashariki wakati jua linapotua magharibi. Mtoto aliyefanya hivi kwa nusu mwezi amekwisha kujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui, na bado hajatumia hata senti moja ya bando.

Hapo sasa simu na itoke mfukoni. Iko programu iitwayo Stellarium, nayo hupatikana bure, ambayo huonyesha mbingu kama zilivyo mahali popote na wakati wowote utakaoutaja. Iweke Unguja, au Mombasa, au Kigoma, kisha mtoto alinganishe daftari lake na kioo. Shirika la anga la Marekani, NASA, nalo hutoa picha za mwezi kwa kila saa ya mwaka mzima. Mtoto atafute saa aliyochora yeye.

Naye akitafuta atakutana na mushkili. Mwezi mchanga katika picha nyingi za intaneti umesimama wima, kama mundu uliotundikwa ukutani. Mwezi aliouchora yeye umelala chali kama herufi ya nun, na pembe zake mbili zatazama juu. Watoto wengi hapo hufuta mchoro wao wakaunyosha ufanane na picha. Mzazi amzuie upesi! Huo ndio wakati wenye thamani kuliko yote. Mwambie kuwa mchoro wake ni sahihi, na picha nayo ni sahihi, ila mpiga picha alikuwa katika nchi za kaskazini. Sisi tunaokaa karibu na ikweta jua hututulia wima, na mwezi mchanga huwa juu yake. Basi upande unaopata nuru ni ule wa chini, na mwezi huonekana kama dau. Katika nchi kama Uingereza jua hutua kwa mshazari, likauacha mwezi kando yake, na nuru ikaupata ubavuni. Kisha mtoto abadilishe mji katika programu, kutoka Unguja kwenda London, aone mwenyewe mwezi ukiinuka. Kwa hakika hulala au kuinama kidogo kwa kadiri ya majira ya mwaka, na hilo pia atalikuta kwenye daftari lake akidumu.

Faida ya jambo hili yapita mwezi. Mtoto amejua kuwa picha inaweza kuwa ya kweli na isiwe ya kwao. Na ya kwamba macho yake mwenyewe ni shahidi wa kusikilizwa.

Yafaa pia tuondoe kosa moja lililoenea hata kwa watu wazima, nalo ni kudhani kuwa mwezi huwa mwembamba kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Sivyo. Nusu ya mwezi daima yaangazwa na jua, ila sisi hatuioni nusu hiyo yote kila siku. Zima taa za chumba uache moja tu. Mpe mtoto chungwa, alishike mbele yake kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, kisha ajizungushe polepole hapohapo aliposimama. Kichwa chake ni dunia, chungwa ni mwezi, taa ni jua. Ataiona nuru ikinenepa na kukonda juu ya chungwa, na hatahitaji maneno mengi. Mzunguko huo, tangu mwandamo hadi mwandamo, huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44, na ndiyo sababu miezi yetu huwa na siku 29 au 30, wala haina 31. (Ugomvi wa mwandamo uturudiao kila Ramadhani hatuuingii hapa, wanaoupenda hawakosi pa kuufanyia.)

Kivuli cha dunia kina siku yake, nayo ni siku ya kupatwa kwa mwezi. Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote, na sisi wa Afrika ya Mashariki tuliuona vizuri pale ambapo mawingu yalituhurumia. Ulizama wote katika kivuli tangu saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, ukawa mwekundu kama shaba, kwa kuwa nuru ya jua iliyopinda katika hewa ya dunia ndiyo peke yake iliyoufikia. Wenye jamaa Maskati wajua kuwa huko saa zilisema 3:30. Je, mwezi ulipatwa mara mbili? La, ilikuwa dakika ileile moja. Saa za watu ndizo zilizotofautiana.

Jambo hili dogo, ambalo watoto waweza kulihakikisha kwa kupigiana simu na binamu zao, lina historia tukufu. Mwaka 997, kijana wa miaka 24, Abu Rayhan al-Biruni, alikuwa katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm, ambayo leo imo katika Uzbekistan. Alipatana kwa barua na mwanachuoni mkubwa Abul Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi kulekule aliko na aandike wakati. Kwa tofauti ya nyakati zao akapata tofauti ya longitudo ya miji ile miwili, yaani kadiri mji mmoja ulivyo mashariki ya mwingine. Hawakuwa na simu wala saa ya mkono. Walikuwa na elimu, na uaminifu wa kuandika kile walichokiona.

Mtoto wa darasa la 6 aweza kuirudia hesabu hiyo. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, basi digrii 15 kwa saa 1, na digrii 1 kwa dakika 4. Unguja iko kwenye digrii 39 na kitu mashariki, Maskati kwenye digrii 58 na kitu. Tofauti ni kama digrii 19, nazo ni dakika 76 au 77 za jua. Lakini saa za ukutani zatofautiana kwa dakika 60 tu! Muulize mtoto hizo nyingine zimekwenda wapi. Akishindwa kwa siku mbili, ndipo umweleze kuwa saa za ukutani zimepangwa na serikali kwa manufaa ya watu, na jua halikushauriwa.

Baada ya hayo mpeleke kwenye ramani ya mwezi. Chombo cha Wamarekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka 2009, kimeupiga mwezi picha kwa uangalifu mkubwa, na ramani zake zimo katika intaneti kwa kila mtu. Watafute pamoja mashimo makubwa ya mviringo. Mojawapo, karibu na katikati ya uso tunaouona, laitwa Albategnius, na upana wake wapita kilometa 100. Jina hilo ni la Kilatini, na mwenyewe ni al-Battani, aliyefanya kazi yake katika mji wa Raqqa, nchi ya Shamu, akafa mwaka 929. Mtu huyo alipima urefu wa mwaka akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Leo twajua kuwa alipungukiwa na dakika 2 na sekunde chache tu. Jirani yake yuko Arzachel, naye ni az-Zarqali wa Andalusi. Yuko Alfraganus, naye ni al-Farghani. Yuko Azophi, naye ni Abdurrahman as-Sufi. Na Alhazen, naye ni Ibn al-Haytham wa Basra. Mengi ya majina haya aliyaweka padri wa Kiitaliano, Riccioli, katika kitabu alichokitoa mwaka 1651. Padri yule aliwaheshimu wanavyuoni wetu kwa kuwa hesabu zao zilikuwa sawa, na hatujui sifa nzuri kuliko hiyo.

Sasa twafika mahali ambapo wazazi wengi hujikwaa, na kwa ajili yake hasa tumeandika makala hii.

Mzazi na mtoto wakiutafuta mwezi katika intaneti, haitapita muda watakutana na picha ya ufa mrefu ulionyooka juu ya ardhi ya mwezi, na chini yake maneno ya kuwa NASA wamethibitisha kupasuka kwa mwezi. Picha hiyo hupita kwa simu za Waislamu kila Ramadhani, na watu hupelekeana wakisema, "Subhanallah." Picha yenyewe ni ya kweli. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 10 mwezi wa Mei 1969, na ufa huo waitwa Rima Ariadaeus. Maneno yaliyo chini yake ndiyo yasiyo ya kweli. Ufa huo urefu wake ni kiasi cha kilometa 300, na mzingo wa mwezi ni karibu kilometa 10,900. Mpe mtoto agawanye: ufa haufiki hata sehemu 3 katika 100 za mzingo. Wanaojua mambo ya miamba wasema kuwa ardhi iliyo baina ya mipasuko miwili ilididimia, kama lilivyodidimia Bonde la Ufa katika nchi zetu. Tena nyufa za namna hiyo ziko nyingi juu ya mwezi. NASA hawakuthibitisha lolote la namna ile.

Tunajua kuwa baadhi ya wasomaji wetu hawatafurahi. Watasema, "Mwawavunja watoto imani." Sisi twasema kinyume chake. Habari ya kupasuka kwa mwezi twaipokea kutoka katika Qurani na Hadithi za Masahaba waliosimulia, nayo yatutosha. Haikungojea Apollo 10. Mzazi anayemwonyesha mtoto picha ile kuwa ndiyo dalili ameing'oa imani ya mtoto mahali ilipopandwa, akaifunga kwenye picha. Siku mtoto huyo atakapofika chuo kikuu, na mwalimu wake amweleze Rima Ariadaeus ni nini, atakuwa na hiari mbili mbaya: kumwona mwalimu mwongo, au kumwona babake mwongo. Na akimwona babake mwongo katika ufa, atamwuliza nani juu ya Sala?

Ndivyo ilivyo na hadithi ya Neil Armstrong, ambaye alikanyaga mwezi mwaka 1969. Ilienea kuwa alisikia adhana huko, na ya kwamba alisilimu. Mwenyewe alikanusha, na mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikapeleka taarifa kwa balozi zake kueleza kuwa habari hiyo si kweli. Armstrong alikufa mwaka 2012, na uvumi ungali hai. Lakini mtoto aliyefundishwa hahitaji balozi. Aulize tu: sauti husafiri kwa kitu gani? Kwa hewa. Mwezini kuna hewa? Hakuna ya kuchukua sauti. Basi imekwisha. Adhana haipungukiwi na kitu kwa kutosikika mahali pasipo hewa.

Tunayo sunna katika jambo hili, nayo ni nzito kuliko maneno yetu. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Ibrahimu mwana wa Mtume (S.A.W.) alifariki angali mtoto mchanga, na siku ileile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahimu. Fikirini hali hiyo. Baba ana msiba, watu wamekwisha kuamini, na waliloamini ni la kumtukuza yeye na nyumba yake. Lau alinyamaza tu, ingalihesabiwa kuwa muujiza. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, na wakiona jambo hilo wasali na wamwombe Mungu. Mwenye kuficha kosa la picha kwa kudhani aisaidia dini, na aitazame siku ile ya Madina.

Twapita upesi juu ya adabu za simu yenyewe, kwa kuwa wengi wamekwisha kuzisema. Simu iwe ya mzazi, na mzazi awe ubavuni. Mtoto aandike swali lake kwanza katika daftari, ndipo litafutwe; mwenye kuingia bila swali hutoka na vichekesho. Zima ile tabia ya video moja kuita nyingine. Habari moja itafutwe mahali pawili au patatu pasipofuatana. Kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, yafaa kwa kuanzia, kwa sababu mtoto huelewa lugha yake. Lakini kwa kuwa huandikwa na mtu yeyote, na ipimwe kwa nyingine. Aliye na simu ya kitochi tu asihuzunike. Daftari, chungwa na taa ni vyake, na hilo ndilo fungu kubwa.

Kwa wale watakaoanza sasa, iko siku moja ya kuwekea akiba. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote katika nchi za Misri na Hijazi, na mji mtukufu wa Makka umo katika njia ya kivuli. Kwa dakika kadhaa mchana wa Makka utakuwa giza. Huku kwetu pwani litamegwa sehemu tu, mchana baada ya adhuhuri. Mtoto asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa kamera ya simu; nuru yake hulichoma jicho bila maumivu, na kilichoungua hakirudi. Iko miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Asiyeipata na atoboe karatasi ngumu kwa sindano, alipe jua kisogo, aiache nuru ipite tunduni iangukie karatasi nyeupe.

Na aliye na mwembe uani hahitaji hata sindano. Watoto wakae kivulini baada ya Sala ya kupatwa, watazame ardhini. Kila nuru ipenyayo baina ya majani itachora mchangani jua dogo lililomegwa, mamia kwa mamia. Ibn al-Haytham, yule ambaye jina lake liko mwezini, aliandika risala nzima juu ya jambo hilo zaidi ya miaka 900 iliyopita, akieleza kwa nini umbo la jua lililopatwa hutokea katika nuru iliyopita kwenye tundu dogo. Watoto na walete daftari.